Nilisema Vuta

Dukani, Chepilat
Alhamisi, mvua imeanza

Chepkoech,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, nimekuacha nyumbani saa sita ukikunja nguo na kuzikunjua, umenuna, sanduku umelitundika kwenye mizani ya majani chai kana kwamba unaenda kujiuza kwa kilo. Hali yangu pia unaijua. Tumekuwa tukigombana tangu Jumamosi, na hakuna kati yetu aliyesema tunagombania nini. Basi nitasema mimi, lakini usitegemee niseme kwa upole. Upole sina, na kama ningekuwa nao ningeutumia miaka kumi na moja iliyopita.

Gari lako la Nairobi ni kesho alfajiri. Mawaidha umeshapewa na kila mtu mwenye mdomo. Pasta amekuambia uombe asubuhi na jioni, shangazi yako amekuambia uvae soksi mbili mbili, na wale wasiowahi kupita Nakuru wamekueleza Wajerumani walivyo. Mimi sina la kuongeza hapo. Mtu aliyekaa Kericho mwaka mzima akijifunza lugha ya watu hawezi kufundishwa na mimi kuvaa soksi. Unaenda kutunza wazee wa watu, kuwalisha, kuwaosha, kuwageuza kitandani. Ni kazi safi na sina neno juu yake.

Neno langu ni juu ya Jumamosi. Tulikuchinjia mbuzi, tukakaa chini ya turubai, na Anko Joel, ndugu yangu anayependa kusimama kuliko kukaa, akasimama na soda mkononi akasema, "Chepkoech, huko unakoenda uchunge. Usije ukafuta wazee wa watu vile ulifuta Kogo. Si ndio, Dasta?" Watu walilicheka hilo jina la kifutio cha ubao mpaka wengine soda ikawatoka puani. Wewe ulicheka ile ya midomo tu. Kisha ukageuka ukanitazama, na ukanikuta nacheka.

Jioni ukiosha sufuria ulisema bila kugeuka, "Angalau huko hakuna mtu ataniita Dasta." Nikakuambia usugue vizuri, sufuria bado ina mafuta. Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo.

Nitaanza mwanzo, kana kwamba wewe hukuwepo. Kwa kweli ile sehemu yenye maana hukuwepo, na ndiyo maana nimeweza kukudanganya muda wote huu.

Kogo, nyanya yako, mama yangu mzazi, alikataa kupigwa picha maisha yake yote. Watu walisema ni mambo ya kizamani, eti aliogopa kamera itamchukua roho. Huo ni uongo, mama yangu hakuogopa kitu chochote chenye miguu au betri. Alipokwenda kuchukua kitambulisho, kijana wa pale mezani alimwambia avue kitambaa kichwani mbele ya foleni ya wanaume. Alikuwa amenyoa, ametoka kumzika baba yangu. Akavua, maana amri ni amri, na picha ikatoka na kichwa kitupu, macho yamejaa hasira, shingo imekakamaa. Tangu siku hiyo, akiona kamera alikuwa anaingia ndani na kufunga mlango. Mimi mwanawe nina studio, nimepiga picha nusu ya harusi za Sotik, na ya mama yangu sikuwa nayo hata moja. Nilimwomba miaka mingi. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Mtaniona nikiwa hapa."

Ndipo ukaja wewe, una miaka kumi na miwili, ukamuuliza, "Kogo, na ukiwa na kitambaa?" Alikutazama sana. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Mimi nilikuwa naomba picha tu. Akasema sawa, Jumapili baada ya kanisa, lakini Chepkoech awe karibu. Nilifurahi, Chepkoech, na hapo hapo nikaudhika, kwamba kitu nilichonyimwa mimi umepewa wewe kwa swali moja. Uandike hilo pia kwenye orodha yako, kama unaweka orodha.

Jumapili hiyo nilipiga picha arobaini na tatu. Kogo katikati ya majani chai yake, kitambaa cha maua kimefungwa vizuri, ndewe zake ndefu amezitundika juu ya masikio kama alivyozoea. Kogo mlangoni mwa jikoni. Kogo na kibuyu cha mursik, yale maziwa yake ya mgando. Kogo na wewe. Mwisho nikageuza kamera ichukue video, na nikakuambia usogee. Hapo kuna jambo lilitokea. Nitalirudia, lakini kwanza niseme juu ya ulimi wangu.

Lugha yetu haina V na haina F. Kwa kalamu mimi nazijua vizuri, nimekuwa karani wa kanisa, na hakuna aliyewahi kunisahihisha hata koma. Kwa kalamu ni herufi mbili. Mdomoni mwangu ni moja. Nikitaka kusema vuta, kinachotoka ni futa. Wenzangu wengi wako hivyo na hawajali, wanachekana na maisha yanaendelea. Mimi nilijali. Nikiwa darasa la sita mwalimu wa Kiswahili alinisimamisha mbele ya darasa nitofautishe kuvua nguo na kufua nguo, na wavulana wakacheka mpaka kengele ikalia. Tangu siku hiyo mtu akigusa Kiswahili changu naona giza. Nilikulea nikikuambia kwamba mama yako anaongea Kiswahili kama mtu wa redio. Ulipokuwa mdogo uliamini.

Sasa ile video. Nilisema, "Chepkoech, futa kiti, kaa karibu na Kogo." Nawe ukasema, "Nikifute na nini, Mama?" Ukaanza kucheka. Kogo akataka kujua kinachochekesha, ukamweleza kwa Kipsigis, naye akacheka mpaka kinywa kikafunguka chote na meno yake mawili. Sijawahi kumwona akicheka hivyo mbele ya mtu mzima. Na mimi nilifanya nini? Nilinuna nikazima kamera.

Alhamisi yake Kogo akaanguka. Tukamkimbiza Kaplong hospitalini, nikalala kwenye kiti. Ijumaa mchana nikakumbuka kwamba Joel alikuwa achukue kamera jioni hiyo, kesho yake anipigie picha za sherehe ya shule fulani, na kadi ilikuwa imejaa. Wewe ulikuwa dukani. Ile kazi ya kutoa picha kwenye kadi na kuzipeleka kwenye kompyuta ulikuwa umeshaijua, na sisi tuliiita kuvuta, kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Unafungua kadi upande huu wa skrini, unafungua folda upande ule, unazishika picha zote kwa pamoja na kuzivuta. Umenisikia nikiitaja mara mia dukani, na hukuwahi kukosea, kwa sababu uliona mkono wangu. Kwenye simu hakuna mkono.

Nilitoka nje ya wodi nikakupigia. Nilisema hivi, na nayakumbuka maneno kama nimeyaandika: "Chukua ile kamera. Futa picha zote. Anko Joel anakuja, anataka kadi ikiwa tupu."

Ukauliza, "Zote?"

"Zote."

Kisha ukauliza kwa sauti ndogo, "Hata za Kogo?"

"Hata za Kogo. Uko na masikio ama huna?"

"Sawa, Mama."

Hiyo ndiyo simu. Lakini kuna mtu alikuwa amesimama karibu nami. Mama Njeri, yule Mkikuyu wa duka la vitambaa na sare za shule, ambaye L na R kwake ni herufi moja, alikuwa amemletea Kogo uji kwenye thamosi. Nilipokata simu akasema, "Mama Chepkoech, rakini umemwambia afute."

Nikamwambia, "Ndio. Nimesema futa."

"Si ndio hivyo. Umesema futa. Atazitoa zote."

"Mimi nimesema futa, si futa."

Akashika mdomo asicheke. Alijaribu sana, sasa naona hivyo. Akasema, "Mpigie tena, ni simu ya dakika moja." Nami nikamjibu, "Wewe ambaye kila siku unakula kura, ndio utanifundisha Kiswahili?" Akainamisha kichwa, akaingia kumpa mama yangu uji.

Simu ilikuwa mkononi. Pesa za kupiga zilikuwemo. Nataka ujue kwamba nilikuwa najua. Nilijua wakati ule ule, kwa sababu ile "Sawa, Mama" yako ilikuwa nzito, si ya mtoto aliyetumwa kazi ya kawaida. Nilisimama pale kwenye ukuta nikijiambia kwamba nikipiga, yule mwanamke atakuwa ameshinda. Nikasema mtoto ana akili, hawezi kufuta. Nikarudi ndani. Ilikuwa saa kumi kasoro.

Na wewe hukufuta saa kumi kasoro. Uliniambia kesho yake, nikiwa tayari nimekuzaba kofi. Ulisema ulizitazama kwanza zote kwenye kioo cha kamera, moja moja, ukarudia, ukamaliza saa kumi na mbili. Ukasema, "Nilikuwa nangoja upige tena, Mama." Saa mbili nzima. Nimezihesabu mara nyingi kuliko unavyodhani.

Usiku ule Kogo akafa, na Joel hakuja kuchukua kamera wala hakwenda kwenye sherehe ya mtu. Asubuhi nilikuja hapa dukani nitafute picha ya kuweka kwenye jeneza. Ulinipa kadi kwa mikono miwili ukasema, "Nimefuta zote vile ulisema." Yaliyofuata unayajua, shavu ni lako.

Usilolijua ni nilichofikiri kwenye mkutano wa mazishi. Joel aliuliza mbele ya ukoo, "Picha ya mama iko wapi? Si wewe ndio uko na studio?" Nilikuwa na nafasi ya kusema ulimi wangu ulikosea. Ni maneno matatu. Watu wangesikitika, wangenisema wiki moja, basi. Badala yake nilinyosha kidole nikasema, "Muulize huyu. Nilimwambia avute, akafuta." Na unajua nilivyotamka? Nilisema, "Nilimwambia afute, akafuta." Hakuna hata mmoja aliyeshtuka, kwa sababu wote pale wanaongea kama mimi. Mama Njeri peke yake, aliyekuwa amekaa nyuma na wanawake wa soko, ndiye aliinua macho. Alinitazama, akakutazama wewe, akatazama mikono yake.

Joel akakuza picha ya kitambulisho. Ile ya kichwa kitupu, ile aliyoichukia kuliko kitu chochote duniani, ndiyo iliyotangulia jeneza lake, ndiyo ilibandikwa kwenye karatasi za mazishi, na ndiyo iko sebuleni kwa Joel mpaka leo. Binamu zako walianza kukuita Dasta kabla kaburi halijakauka. Nilisikia. Ningeweza kuwakataza.

Sasa nikuambie uongo unavyokaa na mtu, kwa sababu hilo nalijua kuliko kupiga picha. Haukuumi kila siku. Unakufundisha tu njia za kuzunguka. Umewahi kunisikia nikisema vuta tangu siku hiyo? Nasema leta kiti, hamisha picha, fulani anakunywa sigara. Mlango wa duka ulikuwa na karatasi imeandikwa VUTA, niliibandua. Mpaka leo wateja wanasukuma mlango wa kuvuta, na bawaba zimebadilishwa mara tatu. Baba yako alidhani ni fundi mbaya.

Na nilikufanya wewe kuwa mtumwa wa ile kazi. Usikate, kopi. Hesabu picha upande wa kadi, hesabu upande wa kompyuta, zikipungua hata moja anza tena. Fungua ya kwanza, fungua ya katikati, fungua ya mwisho, usiamini zile picha ndogo ndogo. Kadi usiisafishe siku hiyo, ngoja zilale mahali pawili. Uliyashika yote hayo, na wateja walikusifu, na mimi nilikuwa naitikia kwamba ndiyo, alijifunza kwa uchungu. Uchungu wa nani, sikuwaambia.

Mama Njeri nilimchukia. Sijawahi kumchukia mtu hivyo, na hajawahi kunikosea. Miaka kumi na moja nimemnyima salamu ya kweli. Niliwaambia wazazi kwamba sare zake zinachuja rangi, na hazichuji. Kila akipita mbele ya duka nilikuwa nangoja aseme, na hakusema, na kila siku asiposema nilimchukia zaidi. Mtu anayeitunza siri yako bila kuombwa ni mzigo mbaya.

Wewe pia nilikuchukia kidogo. Najua mama hasemi hivyo. Nilikuchukia kwa kunitii. Nilijiambia mtoto mwingine angekataa, angeficha kadi, angelia, angemkimbilia Joel. Ningekulea ukiwa mkaidi kidogo mama yangu angekuwa na sura kwenye jeneza lake. Halafu ulipokuwa mkubwa ukaanza ukaidi, ukakataa kusomea ualimu, ukachagua Ujerumani bila kuniuliza, na bado nikakasirika. Hakuna upande ambao ungeshinda na mimi.

Miaka miwili iliyopita uliniuliza ile kadi iko wapi. Ulisema umesikia picha zilizofutwa hubaki ndani, kwamba kufuta ni kama kuondoa jina mlangoni na nyumba bado ipo, bora mtu asipige picha nyingine juu yake. Nikakuambia niliitupa chooni zamani. Haikuwa chooni. Ilikuwa kwenye mkebe wa vifungo, chini kabisa, imefungwa kwenye karatasi, na haijaingia kamera yoyote tangu siku ile. Sikuitunza kwa sababu nina roho nzuri. Kuitupa nilishindwa kwa ajili ya mama yangu, na kukupa nilishindwa kwa ajili ya ile video. Picha zingerudi na sauti yangu ingerudi nazo. Futa kiti. Yeyote ambaye angesikia vile ninavyosema, na vile ulivyonicheka Jumapili, angejua kilichotokea Ijumaa.

Basi Jumamosi Joel akasema lake, nikacheka, ukanitazama. Jumanne niliposema naenda Kericho kununua karatasi za picha, nilibeba kadi kwenye sidiria. Kuna kijana anatengeneza kompyuta juu ya duka la mbolea. Aliuliza, "Mama, imefutwa lini?" Nikamwambia. Akapiga mluzi. Alikaa nayo saa tatu, na mimi nimekaa karibu nikitazama kamstari kakitembea kwenye skrini polepole kuliko konokono. Picha za Kogo zilikuwa arobaini na tatu. Zimerudi thelathini na moja. Nyingine nusu ni Kogo na nusu ni kijivu kitupu. Ile ya kibuyu haipo. Lakini ile ya mlangoni ipo, na ya majani chai ipo, na nne za wewe naye zipo, kitambaa kichwani, na video ipo yote. Akaniwekea zote kwenye kadi mpya.

Sikuivumilia mbele ya yule kijana. Niliifungua hapa dukani jana, nikiwa nimefunga mlango. Sauti ya kwanza kusikika ni yangu. Nimeisikia mara sita. Ni futa. Hata mtu asiye na masikio angesikia futa. Halafu wewe unauliza ukifute na nini, halafu Kogo anacheka. Nililia mpaka mteja aliyekuwa anasukuma mlango nje akauliza kama kuna mgonjwa.

Lakini sikukuandikia nikuhadithie kilio. Kuna jambo moja ninalotaka ubebe, na ni kwa sababu huko unakoenda wewe ndiwe utakuwa mimi. Lugha ya watu itakuwa ngeni mdomoni mwako. Utasema neno ukidhani umelisema, na litakuwa limetoka lingine, na mbele yako atakuwa mama wa mtu kitandani anayengoja dawa au maji. Atatokea mtu akuambie umekosea. Labda atakuambia vibaya, labda atacheka, labda atakuwa mtu ambaye huwezi kumwona. Kasirika, una haki, hasira ni ya ukoo. Lakini kwanza rudi usahihishe, halafu ndio ukasirike. Mimi nilianza na hasira, na hiyo ndiyo tofauti nzima.

Na mtu akikuambia ufute kitu ambacho moyo wako umekikatalia, usingoje apige tena. Piga wewe. Hukuwa na makosa kungoja, ulikuwa mtoto. Sasa si mtoto.

Leo jioni saa moja wanakuja kwa maombi ya safari, Joel atakuwepo na binamu zako wote. Nitabeba kompyuta nyumbani, nitaiweka mezani kabla ya chai, nitawafungulia video, na nitawaambia nani alifuta. Nimempigia Mama Njeri pia nikamwomba aje. Ilikuwa simu ya dakika moja. Alisema atakuja, hakuuliza kwa nini.

Hivyo ndivyo ninavyopanga saa hii, kalamu mkononi na duka tupu. Lakini najijua. Huenda Joel akisimama na ile sauti yake nikameza maneno nikasema njooni tule. Kwa hiyo barua hii naificha kwenye sanduku lako, utaikuta ukifika. Kama jioni nilisema, basi unasoma unayoyajua. Kama nilinyamaza, piga picha kurasa hizi zote, umtumie Anko Joel, na kila binamu aliyewahi kukuita Dasta. Usinihurumie. Mwandiko wangu wanaujua.

Sikuombi unisamehe. Ningeomba ungenipa, kwa sababu bado una ile tabia ya kutii, na sitaki kingine utakachonipa kwa sababu tu nimesema.

Stima imekatika mara mbili nikiandika, na kompyuta inashikiliwa na betri. Imemaliza kukopi sasa. Nimehesabu upande wa kadi, thelathini na moja na video. Nimehesabu upande wa kompyuta, thelathini na moja na video. Nimefungua ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Nimekopi, sikukata. Zangu ziko hapa, na kadi nimeibandika kwa gundi ya karatasi nyuma ya ukurasa huu, iguse uone.

Ukifika, ukishalala, fungua ile kompyuta yako. Fungua kadi upande huu, folda upande ule. Safari hii nakuambia kwa kalamu, mahali ambapo ulimi wangu hauwezi kuingia kati, na nimeiandika herufi polepole ili usiwe na haja ya kuuliza mara mbili.

Vuta picha zote, Chepkoech. Zote. Hata za Kogo.

Mama